Patasi butu sio salama zaidi kwa mzee

Wengi tunaamini mzee aliyestaafu akianza kuchongachonga mbao nyumbani apewe patasi butu, maana kali itamkata. Ni wasiwasi wa upendo kabisa. Ila butu inataka nguvu nyingi, na ukisukuma kwa nguvu ndo inateleza ghafla ikafuata kidole, wakati kali inaingia taratibu na unaiongoza unakotaka. Jaribu mwenyewe: bana kipande cha paini kwenye jiliwa, mikono yote iwe nyuma ya makali, chonga pale mwisho wa mbao nyuzi zinapoishia, butu itapondaponda tu, kali itatoa maranda membamba na mbao inabaki laini. Babu mnunulieni jiwe la kunolea, na taa nzuri juu ya meza, macho ya miaka 70 yanahitaji mwanga mwingi kuliko ya kijana.