Namba uliyoiandika nayo ina aina yake

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Ujiji aliniletea bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, aliyoifunga kwenye pampu ya bustani ya mchicha ya mama yake. Kazi ya bodi ni ndogo: iwashe pampu, izime, isubiri dakika moja, iwashe tena. Pampu ilikuwa inawaka mara moja, inazima, basi. Alishabadilisha rilei mbili, yaani swichi zinazoamriwa na bodi, na adapta moja, na hela ya adapta ilikuwa ya kukopa. "Kaka, mimi nahisi ni umeme wa huku kwetu," akaniambia.

Nikafungua kodi yake, yaani maagizo ya programu aliyoyaandika. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`delay(60 * 1000);`

Nikamwuliza sitini mara elfu moja ni ngapi. Akanitazama kama namfanyia mtihani wa darasa la pili. "Elfu sitini." Kwenye kompyuta yake ni elfu sitini kweli, tena alikuwa ameshaijaribu huko. Kwenye ile bodi, hesabu hiyo inatoka −5536. Kisha `delay`, amri ya kusubiri, inataka `unsigned long`, namba nzima kubwa isiyo na hasi, kwa hiyo −5536 inageuzwa kuwa 4294961760. Hizo ni milisekunde. Ukizigawanya unapata siku 49 na saa 17. Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii amri ya kusubiri karibu siku hamsini, na mchicha unakauka.

Nilipomweleza akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, ndiyo yaliyonikalisha kuandika leo: "Lakini kaka, hizo si vigeu, hizo ni namba tu. Aina si ni ya kigeu?"

Hapana. Kigeu ni chombo chenye jina kinachobeba thamani, na aina ndiyo inayosema ni thamani ya namna gani na ya ukubwa gani. Lakini katika C, lugha ya kuandikia programu, hakuna "namba tu". Kila konstanti, yaani thamani unayoiandika moja kwa moja kwenye kodi, ina aina, hata kama hukuitaja. Ukiandika `60`, umeandika `int`, aina ya kawaida ya namba nzima. Ukiandika `1000`, umeandika `int`. Ukizidisha `int` kwa `int`, jibu ni `int`, na kompaila, programu inayoitafsiri kodi kwa mashine, haiangalii jibu linakwenda kuwekwa wapi. Hilo la mwisho ndilo watu hawalikubali. Mtu anaandika `long jumla = 60 * 1000;` akidhani `long` ya kushoto itaokoa hesabu ya kulia. Hesabu inafanyika kwanza, inaharibika kwanza, halafu ndipo jibu lililoharibika linamiminwa kwenye chombo kikubwa. Ukipima dagaa kwa kisado kilichotoboka, ukubwa wa gunia haurudishi waliomwagika.

Sasa `int` ni kubwa kiasi gani? Hapa ndipo vitini vingi vinapotuumiza, maana vinaandika "baiti 4" na kupita. Kiwango cha C, yaani kanuni rasmi za lugha hiyo, hakisemi hivyo. Kinachoahidi ni kwamba `int` itabeba angalau −32767 hadi 32767, na `long` angalau hadi 2147483647 kila upande. Zaidi ya hapo ni hiari ya kompaila na mashine. Uno ya kijana huyu inatumia chipu ya biti 8, na kompaila yake inaipa `int` baiti 2 (biti 16), yaani mwisho ni 32767; elfu sitini ikapita hapo na kuzunguka, 60000 − 65536, ndiyo ile −5536. Wala si ajabu: Dennis Ritchie alipoitengeneza C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliitengeneza kwenye PDP-11, mashine ya biti 16, na `int` ilikuwa biti 16. Hata `long` si moja: kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4, kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Kisichobadilika ni `sizeof(char)`, ukubwa wa aina ya herufi moja, ambayo ni 1 kila mahali.

Kuna jambo lingine linalowachanganya watu zaidi, na nitakaa nalo kidogo. Kijana angeandika `delay(60000);` pampu ingefanya kazi vizuri. Namba ileile, kwenye bodi ileile. Kwa nini? Kwa sababu konstanti ya desimali isiyo na herufi mwishoni hupewa aina ya kwanza inayoitosha: `int` kwanza, ikishindikana `long`. 60000 haitoshi kwenye `int` ya biti 16, kwa hiyo kompaila inaipa `long` yenyewe, bila kuombwa. Lakini 60 inatosha na 1000 inatosha, kila moja peke yake, na kompaila haikuulizwa kuhusu zao lao. Ukiandika konstanti kwa heksadesimali (mfumo wa kumi na sita) utaratibu unabadilika tena: `0xEA60`, ambayo ni hiyohiyo 60000, kwenye Uno inakuwa `unsigned int`. Thamani moja, maandishi mawili, aina mbili.

Dawa ni herufi. `60UL * 1000` inatosha, kwa sababu upande mmoja ukiwa `unsigned long`, mwingine unapandishwa ufanane nao. Ila iweke mapema. `60 * 1000 * 1UL` haikusaidii kitu, maana kuzidisha kunakwenda kutoka kushoto na sitini mara elfu imeshaharibika kabla `UL` haijafikiwa. Na ile −5536 yenyewe usiizoee. `int` ikifurika, kiwango cha C hakiahidi jibu lolote, kwa hiyo kompaila nyingine inaweza kukufanyia kingine kabisa.

Kompaila ilikuwa inaijua shida hii na ingetoa onyo. Mazingira ya Arduino, yakiachwa yalivyo, huyazima maonyo. Nenda kwenye mapendeleo, uyawashe yote, leo.

Mengine nitayapita haraka. Sifuri ya mbele si pambo: konstanti inayoanza na 0 inasomwa kwa mfumo wa nane. Niliwahi kuona orodha ya mitumbwi ya Kibirizi imeandikwa 001, 002, mpaka 012. Kompaila ilikataa 008 na 009, mwenyewe akazitoa sifuri hizo mbili tu, akaacha 010. Kwa C, 010 ni nane, kwa hiyo mitumbwi miwili ikawa na namba moja. `'A'` katika C ni `int`, wala si `char`. Katika C++ ndiyo `char`. Na `0.1` ni `double`, `0.1f` ni `float`, aina mbili za namba zenye desimali. Ukiweka `float x = 0.1;` kisha ukauliza `x == 0.1`, kompyuta ya kawaida itakujibu si kweli. Uno itakujibu kweli, kwa sababu kwake `double` nayo ni baiti 4 sawa na `float`.

Kuhusu kuzipa konstanti majina. `#define DAKIKA 60` haitengenezi kitu chenye aina. Ni ubadilishaji wa maandishi kabla kompaila halisi haijaanza kazi, ndiyo maana `#define JUMLA 5 + 3` ukiizidisha kwa 2 inakupa 11. Weka mabano, na usiweke nukta-mkato mwishoni. `const` ina aina, na kwa hilo naipenda. Lakini katika C `const int` maana yake ni "kigeu usichoruhusiwa kukibadilisha", na kiwango hakiihesabu kama konstanti kamili: huwezi kuitegemea kwenye `case` (tawi la `switch`), wala kwenye ukubwa wa safu (orodha ya thamani za aina moja) iliyo nje ya funksheni. Kompaila nyingine hufumba macho, nyingine hukataa. Wanafunzi wanaoanzia Arduino hawalioni hili, kwa sababu kodi ya Arduino hupitishwa kwenye kompaila ya C++, ambako inakubalika. Wakifika kwenye C yenyewe wanakwama na kudhani wamesahau kila kitu. Kwa ukubwa wa safu mimi hutumia `enum`, orodha ya konstanti zenye majina. C23, toleo jipya la C, imeleta `constexpr`, konstanti kamili yenye aina, lakini kompaila nyingi ninazokutana nazo kazini hazijafika huko.

Na hapa nina mashaka yangu. Watu wengi hushauri uachane na `int` kabisa, utumie `int16_t` na `int32_t` za `stdint.h`, zilizoingia na C99. Nami hushauri hivyo. Lakini kila mwaka naona madhara yake pia: mtu anaandika `int32_t` kila mahali hata kwenye kihesabu cha mzunguko wa mara kumi, chipu ya biti 8 inahangaika na baiti nne pasipo sababu. Mbaya zaidi, anaamini sasa yuko salama. Hayuko. `int32_t jumla = 60 * 1000;` inaharibika vilevile, kwa sababu 60 na 1000 bado ni `int`. Sijatulia kama ni sahihi kumfundisha anayeanza `int32_t` kabla hajaelewa aina ya konstanti, maana jina la aina linamfanya aache kutazama upande wa kulia.

Tulibadilisha mstari ule kuwa `delay(60UL * 1000);` tukaisikiliza rilei ikilia *ta*, tukahesabu dakika kwa saa ya simu, ikalia tena. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akauliza kuhusu taa ya banda la kuku aliyoitengeneza mwezi uliopita. Inahesabu saa tangu iwashwe na inafanya vizuri mpaka saa ya tisa, ya kumi inavurugika. Nikamwambia anionyeshe. Ilikuwa `saa * 3600`. Tisa mara 3600 ni 32400.