Ikama ya elimu maalumu sekondari: dhana potofu na ukweli

Dhana: Shule ikipata mwalimu mmoja wa elimu maalumu, imetosheka.

Ukweli: Hayo ni mazoea ya shule ya msingi, ambako mwalimu mmoja anaweza kukaa na darasa lake siku nzima. Sekondari mwanafunzi hupokezanwa na walimu wa masomo tofauti kutwa nzima, na huyo mmoja hawezi kuwa kwenye kemia ya kidato cha kwanza na hisabati ya kidato cha tatu kwa wakati mmoja. Tena utaalamu wenyewe si mmoja. Aliyesomea kufundisha wasioona huenda hajui lugha ya alama hata kidogo, lakini kwenye ikama, yaani hesabu ya walimu wanaotakiwa shuleni, wote ni "mwalimu wa elimu maalumu", basi anabebeshwa kila mwenye mahitaji.

Dhana: Anayejua nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) anaweza kunakili somo lolote.

Ukweli: Hisabati ina kanuni zake. Mfumo wa Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa haoni, ni mfano mmoja. Kila alama ya nukta nundu huundwa kwa nukta zisizozidi sita, nazo hutoa alama 63 tu, kwa hiyo alama ileile hubeba maana tofauti kutegemea inapokaa. Sehemu ya hesabu, kama nusu au robo, ambayo kwa kalamu huandikwa juu na chini, hulazwa kwenye mstari mmoja kwa alama ya kufungua, ya kugawa na ya kufunga. Mnakili akiruka moja, msahihishaji anaona jibu bovu na maksi zinakatwa za mwanafunzi, si za mnakili. Ndiyo maana shule inahitaji mtu anayejua nukta nundu na hisabati kwa pamoja, na hao ni adimu.

Dhana: Akiwepo mkalimani au msaidizi, mwalimu wa somo amepumzika.

Ukweli: Mkalimani hafundishi. Anatakiwa apewe andalio la somo mapema, la sivyo neno kama usanisinuru litamkuta hana alama yake, aanze kulitamka herufi kwa herufi kwa vidole huku mwalimu ameshafika mbali. Mwanafunzi kiziwi naye hawezi kutazama ubao na mikono ya mkalimani kwa pamoja. Mwalimu lazima anyamaze kidogo kila anapoandika. (Wengi hawanyamazi.) Kuhusu wasaidizi wa darasani, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa wanafunzi waliosaidiwa nao zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao waliosaidiwa kidogo. Waliosaidiwa zaidi walijikuta wakikaa muda mwingi na msaidizi badala ya mwalimu mwenyewe.

Dhana: Huruma inatosha.

Ukweli: Haitoshi. Huruma haisomi nukta nundu.

Dhana: Mwenye ulemavu ni wa kufundishwa, si wa kufundisha.

Ukweli: Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, inazitaka nchi ziajiri walimu wenye sifa katika lugha ya alama au nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Mwalimu kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama hahitaji semina ya wiki mbili kuijua.