Range Rover kwa bei ya Harrier

Wiki hii imetokea tena. Kijana mmoja anayefanya biashara ya samaki Kirumba amekuja gereji kwangu Nyakato, Mwanza, na Land Rover Discovery 4 nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona uso kwenye mlango. Hata salamu hazijaisha vizuri: "Fundi, hii nimeipata kwa bei ya Harrier." Mwaka huu nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, wengine wakisema Range, wengine BMW X5, wengine Touareg. Leo naiandikia, maana nimechoka kumpa mtu mmoja mmoja habari mbaya akiwa ameshatoa hela.

Imani yenyewe ni kwamba gari likishuka bei, na gharama zake zimeshuka pamoja nalo. Hapana. Gari la kifahari hushuka bei kwa sababu aliyekuwa nalo amekataa kuendelea kulilipia. Muuza spea hajali wewe umenunua kwa shilingi ngapi. Injekta, raki ya stelingi, kompresa ya upepo, vyote bado ni vya lile gari lililotoka kiwandani likiwa ghali. Tena kadiri umri unavyosogea, bei ya gari inashuka na mahitaji ya spea yanapanda. Mnunuzi wa tatu au wa nne ndiye anayekuta hayo mawili yamekutana mlangoni kwake.

Niyapitie haraka yale ambayo dalali hakwambii. Kwanza namba. "Fundi, ni namba E, bado mpya." Namba inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, soma kadi. Nimeona namba E ya juzi tu, gari la mwaka 2008. Pili, dashibodi. Discovery na Range nyingi zilizopo hapa zimetoka Uingereza, na kule gari linahesabu maili. Ukiona 92,000 ukashangilia, zidisha kwa 1.6: umenunua gari lenye kilomita zaidi ya 147,000. Tatu, uvungu. Waingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile hula chasisi na mabomba ya breki. Huwezi kuyaona hayo ukiwa umesimama. Lala chini na tochi, hata kama umevaa shati jeupe.

Sasa suspensheni ya upepo, yaani gari linabebwa na maputo ya mpira yanayojazwa upepo na kompresa, badala ya springi za chuma. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa hela, na mara nyingi wanaoshauri vibaya ni mafundi wenzangu.

Discovery ya huyu kijana ilikuwa inalala, yaani ukiiegesha inashuka chini. Alikuwa ameshapita gereji moja hapa mjini. Wakaweka mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba ya kosa C1A20, wakamwambia kompresa imekufa. Akanunua kompresa iliyotumika. Ikafanya kazi wiki sita, ikaanza kufa. Alipofika kwangu alikuwa anatafuta ya tatu.

C1A20 haisemi kompresa imekufa. Inasema mgandamizo unapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi la upepo. Kwa nini unapanda polepole? Inawezekana ringi ya pistoni ya kompresa imekwisha. Inawezekana njia ya kuvutia hewa imeziba vumbi, na anayepita njia za vumbi kila siku ajue vumbi hilo linakwenda wapi. Na inawezekana upepo unavuja mahali, kompresa inahangaika kujaza ndoo iliyotoboka. Mashine imekueleza dalili. Kutafuta chanzo ni kazi ya fundi, na fundi akiishia kwenye kusoma namba ya kosa, mteja amelipia kusomewa tu.

Nilimwambia aliache gari lilale hapa. Jioni nilipima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, nikaandika kwa chaki sakafuni mbele ya kila tairi. Kisha nikachomoa fyuzi ya mfumo wa upepo. Hatua hiyo wengi hawaifanyi. Gari hili likiwa limezimwa huamka lenyewe usiku, linatazama kona iliyoshuka zaidi, halafu linashusha nyingine zote zifanane nayo. Usipochomoa fyuzi, asubuhi unakuta limeshuka lote na hujui mwizi ni nani.

Asubuhi pembe tatu zilikuwa pale pale nilipoziacha. Ya mbele kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 6. Nikarudisha fyuzi, nikaliwasha, nikalipandisha hadi kimo cha juu kabisa, kisha nikapulizia maji ya sabuni kwenye puto la kona ile. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu pale mpira unapojikunja, ndani kabisa ambako mkono haufiki, vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, vinajipanga kama mayai ya sato. Nikamwita mwenye gari achungulie. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Kwa hiyo zile kompresa mbili hazikuwa na kosa?"

Hazikuwa na kosa. Puto likivuja, kompresa ambayo ingefanya kazi dakika chache kwa siku inafanya kazi kila unapowasha gari. Inachemka, inajizima kwa joto, inapoa, inaanza tena, mpaka inaungua. Ukiweka nyingine bila kuziba uvujaji, umeweka mgonjwa mwingine kitanda kilekile. Kuna na relei yake, kidude cha bei ndogo kwenye boksi la fyuzi. Ikigandia kwenye kuwasha, kompresa haizimiki kabisa. Kila nikibadilisha kompresa nabadilisha na relei, na sijadiliani na mteja kuhusu hilo.

Najua utasema: "Fundi, toa huo upepo wote, weka springi za chuma, tumalize." Ushauri huo naupinga, lakini niwe mkweli, siupingi kwa nguvu kama zamani. Kwa miaka mingi nilikuwa nakataa katakata, maana gari lile limeundwa likijua kimo chake. Ukiweka springi unapoteza kupanda na kushuka, taa za onyo zinawaka usipozizima kwa kifaa kingine, na ulaini uliolipia unaondoka. Halafu nikamwekea springi mzee mmoja anayekwenda Sengerema kila wiki, kwa shingo upande. Miaka mitatu sasa, hajanirudia kwa suala hilo hata mara moja. Mtu ambaye hataziba uvujaji kwa wakati, bora springi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba upepo ni ugonjwa. Maputo ni mpira, na mpira unazeeka kama tairi. Mbona tairi likiisha husemi uendeshe kwa rimu?

Giaboksi. Discovery, Range na X5 nyingi za kama mwaka 2008 zina giaboksi ya gia sita ya kampuni ya ZF, na watu wameambiwa oili yake ni ya maisha yote. Maisha ya nani? ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Chujio lake limeungana na sampu ya plastiki, lile bakuli la oili la chini, unabadilisha vyote kwa pamoja, na oili si ya kubahatisha. Lakini lipo jambo linaloninyima usingizi. Gari lililofika kilomita 200,000 halijawahi kuguswa giaboksi, nibadilishe oili au niliache? Nimebadilisha, likawa laini mpaka mteja akanipigia simu usiku kushukuru. Nimebadilisha jingine, baada ya wiki mbili likaanza kuteleza kati ya gia ya tatu na ya nne. Lilikuwa linakufa tayari, au mimi ndiye niliyeliharakisha? Siku hizi namweleza mteja hivyohivyo, anachagua mwenyewe, na simlazimishi.

La pili linaloninyima usingizi ni krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, za injini za dizeli za Land Rover ziitwazo TDV6, ile ya lita 2.7 na ya 3.0. Zinajulikana kukatika, dunia nzima, wakati mwingine bila mlio wowote wa kukuonya. Hakuna kipimo cha gereji kitakachokwambia hii itakatika na hii haitakatika. Mimi nabadilisha oili kila kilomita 7,000 mpaka 8,000, sijali kitabu cha Ulaya kinaruhusu ngapi, na nakataa kumwaga oili ya dukani isiyo na daraja sahihi. Siwezi kukuapia kwamba hilo linaokoa krenki. Najua tu kwamba bila hilo hali huwa mbaya zaidi.

Wenye X5 nao wanisikie kuhusu tairi. Tairi moja ikipasuka pale Mabatini, usinunue moja mpya ukaichanganya na tatu zilizoisha, wala usiweke saizi tofauti mbele na nyuma kinyume na ilivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Mzunguko ukitofautiana kidogo tu, transfakesi, kile kifaa kinachogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, inadhani tairi zinateleza, inafanya kazi bila kupumzika, na gia ya plastiki ndani ya kimota chake inasagika. Nimewahi kulifungua la mtu aliyetaka kuokoa bei ya tairi tatu. Alilipa zaidi ya tairi nane.

Na ninyi wa boti, mnaorudisha gari nyuma mpaka maji yanagusa difu ili kuvuta boti kule Bwiru: difu imetoka barabarani, ina joto, hewa ndani imepanuka. Ukiizamisha ziwani inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na bomba la kupumulia likiwa limeziba au limechomoka, difu inavuta maji kupitia sili. Wiki moja baadaye unafungua nati, oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo haijali kama ni Range au V8. Subiri dakika 20 gari lipoe, na ukimaliza msimu mwaga oili uangalie.

"Basi fundi, ninunue V8." Land Cruiser 200, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2021, haishuki bei kirahisi, na sasa unajua sababu. Spea zake unazipata, mafundi wake wapo mpaka Magu. Lakini msiniambie haina gharama. Matangi mawili ya mafuta yakiwepo ni lita 138, na sisi tulio mbali na bandari bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya serikali, huwa juu kuliko ya Dar. Ile Land Cruiser VX ya zamani ya petroli ya lita 4.7 ina taimingi belti ya kubadilishwa kila kilomita 150,000, na stata yake imelala katikati ya V chini ya manifoldi. Ikifa, nusu ya siku inaishia kwenye kuifikia tu. Yenye suspensheni ya haidroliki nayo ina mipira yake inayochoka. Tofauti ni kwamba Toyota ukichelewa kuihudumia inakuvumilia. Discovery haikuvumilii.

Kwa hiyo sisemi usinunue. Mimi nayapenda magari haya, na Discovery iliyotunzwa ukiipeleka Musoma na familia nzima ndani, hutaki kushuka. Nasema hesabu vizuri. Kama una milioni 40, tafuta gari la milioni 28, na zile 12 ziache benki kwa mwaka wa kwanza. Utazitumia. Kama milioni 40 zote zinaishia kwa muuzaji, huna hela ya gari hilo, nunua Harrier yenyewe na uipende. Na kabla ya kutoa advansi niletee gari jioni, lilale hapa, nilione asubuhi likiwa la baridi. Muuzaji akikataa lilale gereji, ameshakujibu. Akikuletea likiwa limeshapashwa moto, weka mkono kwenye boneti, umuulize ametoka nalo wapi.

Ya kijana wa Kirumba tumeweka maputo mawili mapya mbele, kulia na kushoto, kwa sababu yamezeeka pamoja. Tumeweka kompresa moja mpya na relei yake. Iliuma, lakini alilipa. Jana jioni nikachomoa fyuzi, nikapima, nikaandika kwa chaki pale pale sakafuni. Leo saa moja asubuhi nimepita na futi kamba pembe zote nne. Namba ni zilezile.