Kabla hujamchukua kobe, jua kwamba halalamiki

Aliletwa kwenye boksi la viatu, ametandikiwa kitambaa laini kama mtoto mchanga. Nikamshika pande zote mbili, nikabonyeza gamba kwa dole gumba, taratibu. Likabonyea. Gamba la kobe wa miaka mitatu linatakiwa kuwa gumu kama kigae. Hili lilinepa kama ngozi iliyolowekwa. Mwenyewe akashangaa: "Mbona anakula vizuri, daktari?" Ni kweli alikuwa anakula. Alikula vizuri miaka yote mitatu, na miaka yote mitatu mifupa yake ilikuwa inalika.

Kazi yangu ni kutibu wanyama watambaao, na kati yao kobe ndiye anayenitia simanzi kuliko wote, kwa sababu hafi upesi. Samaki ukimkosea utamkuta anaelea asubuhi. Mbwa atakosa raha wiki hiyohiyo. Kobe atakuvumilia mwaka, miwili, hata mitano, nawe ukidhani mambo ni shwari. Mwaka 1968 Wasovieti waliwapakia kobe wawili kwenye chombo cha Zond 5, wakauzunguka mwezi na kurudi duniani wakiwa hai, wamepungua kama asilimia 10 tu ya uzito wao. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuuawa na uzembe wako wa miezi sita. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba rafiki yake ana kobe wa miaka minne na "hana shida yoyote", kwangu bado hajasema kitu.

Turudi kwa yule wa boksi. Kwao alikaa kwenye tangi la kioo karibu na dirisha, jua likimmulika kila asubuhi, na mwenyewe aliamini jua hilo linatosha. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ndiyo inayoiwezesha ngozi ya kobe kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu iliyomo kwenye chakula hupita tu tumboni na kutoka. Damu ikipungukiwa kalsiamu, mwili huikopa kwenye mifupa. Na gamba ni mfupa: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, ndiyo maana kobe hawezi kutoka ndani yake kama konokono wa katuni.

Kama huna pa kumweka nje juani, basi nunua taa ya UVB kabla ya kumnunua kobe, na usiiwekee kioo wala plastiki mbele. Taa hizi zina hila moja: huendelea kuwaka vizuri huku UVB yake imeshakwisha, na macho ya binadamu hayawezi kuligundua hilo. Ibadilishe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, hata kama unaona bado inang'aa. Chini ya taa ya joto kuwe na sehemu ya kuota yenye nyuzi 32 hadi 35, na upande wa pili kuwe na kivuli, ili achague mwenyewe. Mwili wa kobe hauzalishi joto la kumtosha. Asipopata pa kujipasha, hata chakula kizuri kitakaa tumboni bila kusagika.

Kuhusu chakula sina mengi. Kobe wengi wa maeneo makavu wanahitaji nyasi, magugu na majani mapana yenye nyuzinyuzi, kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi. Matunda waachie wale wa msituni. Chakula cha mbwa, hapana, hata akikipenda, na atakipenda. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la maji: watu hudhani mnyama wa nchi kame haoni kiu. Mtoto wa kobe anayekulia kwenye ukavu gamba lake huota vichuguu, kila kipande kikichomoza kivyake. Zamani tulilaumu protini, nami niliwalaumu wateja kadhaa kwa kosa ambalo huenda hawakulifanya. Siku hizi tunajua unyevu wa utotoni una uzito mkubwa zaidi. Beseni la maji vuguvugu yasiyopita kidevu chake, dakika kumi na tano au ishirini, mara chache kwa wiki, linasaidia sana.

Halafu kuna suala la ukubwa. Kobe wa Sahel, yule mwenye miiba mapajani ambaye wafugaji humwita sulkata, anapototolewa anaenea kwenye kiganja. Dume lake hupita kilo 50, na wapo waliofika 80 na zaidi. Huchimba shimo la urefu wa mita kadhaa, hata chini ya ukuta wako, na akiamua kupita mahali, basi atapita. Spishi nyingine hubaki ndogo za kubebeka maisha yao yote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni spishi gani, na akijibu "kobe wa kawaida tu", ondoka.

Umri nao. Jonathan, kobe mkubwa wa kisiwa cha St Helena, alifikishwa huko mwaka 1882 akiwa ameshakomaa. Inakadiriwa alitotolewa karibu na 1832. Wako hatafika huko pengine, lakini miaka 50 ni ya kawaida kabisa. Ukimchukua ukiwa na miaka 40, tayari unamtafutia mrithi. Uliza nyumbani nani atamchukua, kisha umwambie huyo mrithi ana kwa ana, uone anavyokunja uso.

Huwa naulizwa pia kama ataona upweke. Hapana. Madume wawili hukimbizana, hugongana magamba na kupinduana, na aliyepinduliwa juani anaweza kufa hapohapo. Jike akikaa peke yake bado anaweza kutaga, na mayai yakikwama huenda akahitaji operesheni. Kwa watoto wadogo wa chini ya miaka mitano mimi husita: kobe mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila dalili yoyote, na mtoto wa umri huo mkono wake hauachani na mdomo. Wapo pia wanaotoboa gamba ili wapitishe kamba. Gamba lina damu na mishipa ya fahamu. Anasikia maumivu yote, ila hapigi kelele.

Karatasi zake ziulizie mapema. Kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori. Yule wa majabalini mwenye gamba bapa linalonepa, wa Kenya na Tanzania, alipandishwa mwaka 2019 kwenye orodha kali zaidi. Huyo hutaga yai moja kwa mara moja, kwa hiyo kila anayeokotwa porini huacha pengo lisilozibika haraka. Kobe asiye na karatasi ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameibwa porini.

Mtafute daktari wake kabla hujamhitaji. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, mtu alinipigia simu Ijumaa jioni kuniambia kobe wake anatoa povu kidogo puani. Nikamwambia asubiri Jumatatu. Kobe hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, cha kumsaidia kukohoa na mbavu zake hazipanuki. Hupumua kwa kusukuma misuli ya miguu na ya tumbo, kwa hiyo uchafu ukiingia kwenye mapafu haupati njia ya kutoka. Jumatatu aliletwa akiwa amenyoosha shingo, kinywa wazi. Hakupona. Tangu siku hiyo povu puani kwangu ni dharura.

Siku ukienda kumwona, mnyanyue kwa mikono miwili. Anatakiwa kuwa mzito kuliko ulivyotarajia. Ukimwona mwepesi kama boksi tupu, mrudishe. Macho yawe wazi, pua kavu, na ukigusa mguu auvute kwa nguvu. Mweke chini atembee: mwenye afya hunyanyua tumbo, mgonjwa huliburuta. Akikukojolea usiruke wala usimwangushe. Hapo amemwaga maji aliyoyaweka akiba kwenye kibofu, kwa hiyo mkifika nyumbani kitu cha kwanza ni beseni.