Saratani ya damu "haina dawa"? Hebu ngoja kwanza

Juzi barazani Malindi, kahawa inamiminwa, mzee wetu mmoja kakata hukumu, ati saratani ya damu ukishaambiwa unayo basi kashoneshe sanda. Tumeisikia hii tangu wadogo, mie nkashindwa kunyamaza.

Saratani ya damu si moja jamani. Iko aina inaitwa lukemia ya promielositi, inakuja kwa kasi, fizi zinavuja, mwili unatoka madoa ya zambarau kama mtu kapigwa, na zamani mgonjwa alikuwa anaondoka ndani ya wiki chache kwa kuvuja damu tu. Basi hiyohiyo skuizi ni moja ya zinazoongoza kwa kupona, kwenye tafiti wale wasio na hatari kubwa (yaani seli nyeupe za damu hazijapanda sana) wanapona zaidi ya 9 kati ya 10.

Mwaka 1985 kule Shanghai, China, daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 dawa ya ATRA, ndugu yake vitamini A, zile seli changa zilizogoma kukua zikakua na mtoto akapona. Wenzao wa Harbin, hukohuko China, nao walikuwa na arseniki, ndio, sumu ileile ya panya, ila kwa kipimo na kwa dripu. 2013 utafiti wa Italia na Ujerumani ukaonesha hizo mbili zinatosha bila kemo (zile dawa kali za kuua seli za saratani) kwa wasio na hatari kubwa.

Ila siku za mwanzo ndo za hatari, damu inaweza kuvujia kichwani, kwa hiyo ukiona fizi na madoa hivyo nenda hospitali leoleo, usisubiri Jumatatu.

Mzee kanitazama, "Kwa hivyo nkiumwa wataka kunipa sumu ya panya?" Si ya dukani, babu!