Clara Haskil na Arthur Grumiaux: piano si msindikizaji

Kazi yangu ni kupiga piano pamoja na wapigaji fidla, na jambo linaloniumiza ni kusikia mpiga piano akiitwa msindikizaji hata kwenye sonata (tungo za ala) za Mozart na Beethoven. Watunzi hao waliziandika kuwa za piano na fidla, piano ikitajwa kwanza. Ni kazi ya watu wawili walio sawa.

Sijasikia wawili walioelewa hilo kuliko mpiga piano Clara Haskil na mpiga fidla Arthur Grumiaux. Haskil alizaliwa Bucharest mwaka 1895, Grumiaux alizaliwa Ubelgiji mwaka 1921. Kwa umri angeweza kuwa mama yake. Walipoanza kupiga pamoja, bibi huyu alikuwa amepitia mengi: uti wa mgongo uliopinda, upasuaji wa uvimbe kichwani wakati wa vita, kisha kukimbilia Uswisi mwaka 1942. Sifa zilimfikia akiwa ameshavuka miaka hamsini.

Sikiliza sonata ya Mozart K. 304 (namba yake katika orodha ya tungo za Mozart), waliyoirekodi 1958. Inapoanza, fidla na piano hupiga wimbo uleule, noti kwa noti, bila kitu kingine chini yake. Hapo ndipo penye kazi. Nyundo ya piano ikishagonga uzi, sauti huanza kufifia papo hapo na mpigaji hana la kuiongeza. Mwenye fidla anaweza kuivuta noti kwa upinde, hata kuikuza. Kwa hiyo kila panapotokea noti ndefu, fidla isipojizuia huimeza piano. Grumiaux hajikuzi. Naye Haskil huunganisha noti zake kwa utulivu mkubwa, hadi unasahau kwamba chombo chake ni cha kugonga. Ukiwasikiliza unasikia pumzi moja.

Nadhani siri yao mojawapo ni kwamba kila mmoja alikijua chombo cha mwenzake. Haskil alijifunza fidla utotoni, na Grumiaux alikuwa mpiga piano hodari kiasi cha kurekodi sonata ya Brahms akipiga sehemu zote mbili mwenyewe, moja juu ya nyingine. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuambiwa mwenzake anahitaji nafasi wapi.

Mwaka 1956 na 1957 walirekodi sonata zote 10 za Beethoven kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya Philips. Desemba 1960 Haskil alifika Brussels kwa onyesho lao, akaanguka kwenye ngazi za stesheni ya treni, na akafariki tarehe 7.

Grumiaux aliendelea, na baadaye alirekodi Beethoven na Claudio Arrau, kisha Mozart na Walter Klien. Hao ni wapiga piano wakubwa, nawaheshimu. Lakini mwanafunzi akija kwangu na Beethoven, humsikilizisha kwanza Haskil na Grumiaux katika sonata ya 10: fidla inafungua kwa noti ya kutetemesha, piano inaijibu, na huwezi kusema nani anamfuata nani.