Taa ya Upepo Baada ya Kubadili Tairi: Maelezo kwa Wenye Magari ya Umeme Dodoma

Tangu mvua zikatike na watu waanze kuvua tairi za matope, kitengo chetu cha ukaguzi na matengenezo ya magari hapa Dodoma kimekuwa kikipokea lalamiko lile lile karibu kila siku ya kazi. Gari la umeme limebadilishwa magurudumu, upepo umejazwa, lakini ile taa ya njano inayofanana na bakuli lenye meno chini na alama ya mshangao ndani inawaka na haizimiki. Wengine wameambiwa na fundi kwamba gari "litazoea". Wengine wamebandika plasta kwenye dashibodi ili wasiione. Tumeona vyema tutoe maelezo haya kwa umma mapema, maana ifikapo Desemba mzunguko utaanza tena.

Kubadili magurudumu kwa msimu ni jambo jema, na tunawapongeza wanaofanya hivyo. Nchi za baridi hubadili kwa sababu ya theluji. Wajerumani wana kanuni yao ya mdomoni ya kuvaa tairi za baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Sisi tunabadili kwa sababu ya tope. Mvua ya Dodoma ni kidogo, milimita 570 hivi kwa mwaka, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, na anayekwenda Bahi au vijiji vya ndani vya Chamwino anajua udongo ule ukilowa unavyoshika gurudumu. Kwa hiyo mtu ana seti mbili: ya kashata (meno ya tairi) pana kwa mvua, na ya lami kwa kiangazi. Shida inaanza pale seti ya pili inapofungwa na gari halijaambiwa.

Mifumo ya kufuatilia upepo wa tairi, inayowasha taa hiyo, ni ya aina mbili. Wa kwanza hauna kitu chochote ndani ya tairi. Unatumia sensa (vifaa vya kuhisi) za breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu kujifunga, kuhesabu gurudumu linazunguka mara ngapi. Tairi lililopungua upepo kipenyo chake kinashuka kidogo, linazunguka haraka kuliko wenzake, na gari linagundua. Mfumo huu ukibadili tairi unatakiwa kuuweka upya kupitia menyu ya gari, baada ya kujaza upepo sawasawa, kisha uendeshe ili ujifunze. Ukifunga mbele matairi mapya na nyuma yaliyolika, au ukichanganya saizi, usishangae mfumo unapolalamika. Hilo ndilo lote kuhusu aina hiyo.

Aina ya pili ndiyo inayotujazia foleni. Ndani ya kila ringi, kwenye shina la valvu, kuna sensa ndogo yenye betri yake. Inapima upepo na joto, kisha inatuma taarifa kwa redio pamoja na namba yake ya utambulisho. Kompyuta ya gari inazisikiliza namba nne inazozijua, basi. Ukifunga magurudumu mengine yenye sensa nzima kabisa lakini ambazo hazijasajiliwa, kwa gari hilo ni wageni. Haliwezi kuwasomea upepo. Linawasha taa, na linafanya sawasawa kabisa.

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Kwenye magari mengi taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia tangu unapowasha gari, kuna tairi lililopungua upepo. Ikipepesa kwa dakika moja hivi ndipo itulie, mfumo wenyewe una hitilafu: sensa haipo, imekufa, au haijasajiliwa. Kuongeza upepo hakuwezi kutibu taa inayopepesa. Tumepokea magari yaliyojazwa psi (kipimo cha upepo) 50 na zaidi kwa sababu mtu alikuwa anaifukuza taa kwa kompresa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tumelieleza hili mara nyingi sana na bado tunaulizwa.

Jambo lingine ni masafa ya redio ambayo sensa inatumia. Sensa za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani na Marekani kwa kawaida hutuma kwa megahezi 315. Za Ulaya hutuma kwa 433. Tesla za miaka ya karibuni zinatumia bluetooth. Mtu ananunua sensa nne kwa sababu zinafanana kwa umbo na bei ni nzuri, zinafungwa vizuri, na gari halizisikii kamwe. Kabla ya kutoa pesa, soma masafa yaliyoandikwa kwenye sensa ya zamani, au mletee fundi namba ya chasisi aangalie. Baadhi ya magari yaliyotumika pia yanafika nchini yakiwa bado yamevaa tairi za baridi, zile zilizoandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu, na kwenye lami ya saa saba mchana kati ya Dodoma na Manyoni hauna kazi ya kufanya. Ukizivua, hakikisha sensa hazitupwi pamoja nazo.

Betri ya sensa haichajiwi, na kwa nyingi haibadiliki. Hudumu miaka 5 hadi 10. Gari la mwaka 2015 ulilonunua juzi lina sensa ambazo umri wake unaisha, na kwa kuwa zilizaliwa siku moja, zitakufa kwa kufuatana. Kubadili moja kila miezi miwili na kulipia kuvua tairi kila mara ni hasara. Badili zote nne.

Kwa nini tunasisitiza kwa magari ya umeme? Kwanza ni uzito. Betri ya Nissan Leaf za mwanzo, ya kWh 24, peke yake ina karibu kilo 300, na magari ya betri kubwa yanazidi hapo. Tairi lililopungua upepo chini ya uzito huo linachemka na kukatika ubavu upesi, na umbali unaopata kwa chaji moja unapungua. Pili, mengi hayana tairi la akiba. Yanakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi hiyo inaweza kuziba tundu la sensa. Ukiitumia, mwambie fundi kabla hajafungua, ili asafishe sensa au aibadili.

Tatu, na hili linanitia hofu zaidi, ni mahali pa kupigia jeki. Betri kubwa imelala chini ya sakafu. Fundi pancha aliyezoea magari ya mafuta anasukuma jeki popote panapoonekana pagumu, na kwenye gari hili pagumu panaweza kuwa ndiyo betri yenyewe. Pointi za jeki zimeonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Mwonyeshe fundi mwenyewe, usimwachie abahatishe.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa gari ni la umeme, taa hii ni hitilafu ya umeme mkubwa. Sivyo. Sensa ya tairi haina uhusiano wowote na betri ya kuendeshea gari. Nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme mkubwa, hazihusiki, na mtu asiye na mafunzo asiziguse kwa sababu yoyote. Kuchomoa betri ndogo ya volti 12 ili "kufuta kosa" nako hakusajili sensa; mara nyingi kunazalisha makosa mapya juu ya lile la kwanza.

Mwezi Januari tuliletewa gari likiwa juu ya lori kutoka njia ya Kondoa. Lilikuwa limefungwa tairi za mvua bila sensa. Fundi alikuwa amezikata sensa zote akaweka valvu za kawaida. Taa ilikuwa imefunikwa kwa plasta. Tairi la nyuma kulia lilipata msumari, likapungua polepole, na kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu dereva hakuhisi tofauti. Alipokuja kusimama, tairi lilikuwa limesagika hadi ringi imekula changarawe. Hakuna spea, hakuna mtandao, na watoto wawili kwenye kiti cha nyuma jua likizama. Walitoka salama. Nilipoivua ile plasta mwenyewe, taa ilikuwa bado inawaka chini yake.

Wanaosema taa hii ni urembo wa watengenezaji wakumbuke ilikotoka. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000 baada ya ajali nyingi za matairi yaliyochanika, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe na mfumo huu, unaowaka upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kipimo. Ulaya ililazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia Novemba 2014. Kama gari lako linataka psi 36, asilimia 25 maana yake ni psi 27. Taa inapowaka umeshachelewa kidogo, kwa hiyo haiondoi wajibu wa kupima kwa geji.

Sasa utaratibu. Gari likifika kwetu, tunapiga picha dashibodi kabla ya kugusa chochote. Kila gurudumu tunaliandika kwa chaki mahali lilipotoka. Kabla ya kuvua tairi tunaiamsha sensa kwa kifaa maalumu kinachotuma mawimbi ya kilohezi 125, tunasoma namba yake, upepo na hali ya betri, na vyote vinaingia kwenye kadi ya kazi. Tairi linavuliwa kwa mashine, kuanzia upande ulio mbali na valvu. Nyundo na mtaimbo upande wa valvu ndivyo vinavyoua sensa nyingi hapa mjini, na mwenye gari hajui mpaka afike nyumbani. Mpira na nati ya valvu vinabadilishwa kila mara. Nati za gurudumu zinakazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa msalaba, wala si kwa bomba na uzito wa mwili. Upepo unajazwa tairi likiwa limepoa. Ndipo namba mpya zinaandikwa kwenye kompyuta ya gari. Baadhi ya magari hujisajili yenyewe, mengine, Nissan nyingi zikiwemo, huhitaji kifaa.

Baada ya hapo ni kuendesha. Sensa hulala gari likisimama na huamka mwendo ukifika kilomita 25 hivi kwa saa. Endesha dakika 15 hadi 20 bila kusimamasimama. Kuzunguka uwanjani mara mbili na kurudi dirishani kusema "bado inawaka" hakutoshi. Mwenye gari anasaini kadi baada ya taa kuzimika, na si kabla. Kisha arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena.

Kitengo hakifuti mfumo wala hakizimi taa kwa programu, hata mteja akiomba kwa maandishi. Tafadhali msituombe.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha, na pia kuruhusu kuendeshwa, gari lisilo katika hali nzuri. Kwa hiyo mwenye gari aliyemkabidhi dereva gari bovu naye anahusika. Askari wa usalama barabarani anaangalia tairi lenyewe: kashata, mipasuko, uvimbe. Kosa huandikwa kwa mfumo, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unalipa kwa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Makosa mawili huandikwa kama mawili. Deni unaweza kulikagua mwenyewe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi mtandaoni, na ni vizuri kufanya hivyo kabla ya kununua gari lililotumika, kwa kuwa deni linaonekana kwa namba ya gari.

Niseme kidogo kuhusu hali ya hewa yetu, maana inaleta malalamiko ya Juni na Julai. Alfajiri hapa joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, mchana linapanda karibu nyuzi 27. Tofauti hiyo pekee inahamisha zaidi ya psi 2. Tairi lililojazwa mchana likiwa la moto, asubuhi litasoma pungufu. Pia ukijaza Dar es Salaam ukapanda hadi Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, geji ya kawaida itasoma psi 1 hadi 2 zaidi ingawa hujaongeza upepo. Pima asubuhi, gari likiwa limelala, mahali unapoishi.

Wenye seti mbili, leteni magurudumu yote manane kwa pamoja, hata kama manne yako stoo. Baadhi ya magari yanaweza kuhifadhi namba za seti mbili na kuzibadili kwa menyu au kitufe. Mengine yanashika nne tu na lazima yasajiliwe upya kila msimu. Kwa hayo ya pili, sensa za seti ya pili zinaweza kuandikiwa namba zile zile za seti ya kwanza, kama ni za aina inayokubali kuandikwa. Kazi hiyo inafanyika mara moja, na Desemba unabadili magurudumu bila taa kuwaka. Njooni kabla ya Novemba, foleni ikiwa bado fupi, na kila gurudumu liandikwe upande wake: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia.